Moyo Wenye Afya Nao Huvuja Kidogo

Juma lililopita niliahidi kwamba leo tutazungumza juu ya kuhifadhi unga wa muhogo wakati wa mvua. Naomba radhi, unga utangoja. Hapa Minago limetokea jambo ambalo nimeona lisipite hivi hivi, kwa kuwa laweza kuingia katika nyumba yoyote ya askari, na ya raia vilevile, likaitia hasara na huzuni bila ya sababu. Wenye jambo lenyewe wameniruhusu kulieleza, ila majina yao nimeyaacha.

Jumapili moja jioni, wavuvi walipokuwa wakipanga taa katika mitumbwi yao kwa kazi ya usiku, alibisha hodi mke wa askari polisi mmoja, jirani yangu. Alikuwa na bahasha kubwa ya hudhurungi aliyoificha ndani ya kitenge. Hakutaka hata kuketi.

“Mwalimu,” akasema, “wewe unasoma Kifaransa. Nisomee hapa, uniambie baba watoto amebakiwa na muda gani.”

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi mbili na picha. Picha ilikuwa nyeusi, na katikati yake mabaka mekundu na ya buluu. Karatasi zilijaa tarakimu. Neno moja tu lilikuwa limepigiwa mstari kwa kalamu, mara mbili: uvujaji. Yule bwana, mwenye umri wa miaka 41, alikuwa amesikia moyo ukimwenda mbio alipokuwa akipanda mlima kutoka ziwani. Akaenda kupimwa Bujumbura, akapewa karatasi zake, na katika gari la abiria akaanza kuzisoma kwa Kifaransa chake cha shuleni. Alipofika kwenye neno lile hakuendelea. Tangu siku hiyo hakupanda mlima tena, alilala ameketi kitini, na alikuwa amekwisha kumwagiza ndugu yake atafute mnunuzi wa sehemu yake ya mtumbwi na injini, apate nauli ya kwenda kupasuliwa Dar es Salaam au India. Cherehani ya mkewe nayo ilikuwa imekwisha kupata mteja.

Nikaisoma karatasi hadi mwisho. Mstari wa mwisho ulisema kwamba uchunguzi haukuonyesha kasoro yoyote.

Nilimwambia hivyo lakini hakuniamini, nami sikumlaumu. Inakuwaje moyo uvuje, na papo hapo uwe hauna kasoro? Mimi nina cheti cha ualimu. Cha uganga sina. Basi kwa idhini ya mumewe niliichukua bahasha ile nilipokwenda Bujumbura kwa kazi za ofisi, nikamwonyesha daktari mmoja wa maradhi ya moyo, naye akanipa karibu saa nzima. Yanayofuata ni yale niliyoyaelewa kwake, pamoja na niliyoyasoma baadaye.

Kipimo alichofanyiwa jirani yangu huitwa ekografia ya moyo. Wengine hukiita eko kwa kifupi. Si eksirei, wala hakina mionzi. Hutumia sauti, lakini sauti nyembamba mno. Sikio la mwanadamu hukoma kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na sauti ya mashine hii hutetema mara milioni mbili na zaidi. Mpimaji hupaka kifuani ute wa baridi, huweka juu yake kifaa kinachoshikika mkononi, kifaa hupeleka sauti ndani ya kifua, kisha husikiliza mwangwi wake.

Sisi watu wa ziwani hatupaswi kuliona jambo hilo kuwa la ajabu. Katika miaka ya 1990 meli ya utafiti iitwayo Tanganyika Explorer ilizunguka ziwa hili ikikadiria wingi wa samaki kwa njia iyo hiyo: sauti inashuka, mwangwi unapanda. Sauti husafiri majini karibu mita 1,500 kwa sekunde, hivyo penye kina kikubwa kabisa cha Tanganyika, kiasi cha mita 1,470, mwangwi hurudi baada ya takriban sekunde mbili. Moyoni safari ni fupi. Sentimita 15 ndani ya mwili, mwangwi umekwisha kurudi katika muda wa sekunde moja iliyogawanywa mara 5,000. Na waliovumbua njia hii, daktari Inge Edler na mtaalamu wa fizikia Hellmuth Hertz wa mji wa Lund nchini Sweden, walianza majaribio yao kwa mashine ya kuazima kutoka kiwanda cha meli cha Malmö, mashine iliyotumika kutafuta nyufa ndani ya chuma. Tarehe 29 Oktoba 1953 walifaulu kwa mara ya kwanza kuandika mwendo wa moyo kwa mwangwi.

Lakini mwangwi wa kawaida huonyesha kuta na milango ya moyo. Hauonyeshi damu inakwenda wapi wala kwa kasi gani. Kwa kazi hiyo kuna kanuni nyingine, nayo msomaji anaifahamu tayari ingawa hajui kuwa anaifahamu. Simama kando ya barabara ya Rumonge gari likija huku likipiga honi mfululizo. Likija, mlio ni mwembamba. Likikupita tu, mlio unakuwa mzito, hali dereva hakubadili kitu. Mwaustria Christian Doppler ndiye aliyeieleza kanuni hiyo mwaka 1842, na mwaka 1845 huko Uholanzi ilijaribiwa kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta katika gari moshi, huku wanamuziki wengine wamesimama kando ya reli wakisikiliza sauti inavyobadilika. (Nadhani bendi zetu za jeshi zingelifurahia zoezi la namna hiyo.) Damu nayo ni hivyo. Chembe zake zikikijia kifaa, mwangwi hurudi mwembamba zaidi. Zikikiacha, hurudi mzito zaidi. Mashine hupima tofauti hiyo na kuhesabu mwendo.

Hapa ndipo panapotoka zile rangi. Yule mama alikuwa ameambiwa na shoga yake kwamba nyekundu ni damu safi na buluu ni damu iliyokufa. La hasha! Kwa kawaida ya mashine hizi, damu inayokijia kifaa hupakwa nyekundu, na inayokiacha hupakwa buluu. Damu ile ile iliyoingia chumbani ikiwa nyekundu, kitambo kidogo baadaye hutoka ikiwa buluu, kwa sababu imegeuka njia. Ni rangi za mashine tu.

Sasa tuingie ndani. Moyo ni nyumba ya vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, yenye vilango vinne ambavyo waganga huviita vali, na kila kilango kimewekwa kifungukie upande mmoja. Damu iliyotumika mwilini huingia chumba cha juu cha kulia, hupita kilango cha kwanza, hushuka chini, kisha husukumwa kwenda mapafuni. Ikishapata hewa hurudi upande wa kushoto, hushuka tena kupitia kilango, na chumba cha chini cha kushoto, chenye ukuta mnene kuliko vyote, huitupa katika mshipa mkuu iende mwili mzima. Kwa mtu mzima aliyepumzika, moyo husukuma kiasi cha lita tano kwa dakika. Piga hesabu: kwa siku moja ni lita 7,200, yaani mapipa 36 ya lita 200, kama yale yanayotiwa mafuta ya mawese kule Rumonge. Na kila pigo chumba hakimwagi damu yote iliyomo. Kikimwaga asilimia 55 au 65, kiko sawa kabisa. Jirani yangu aliona 62 katika karatasi yake akadhani ni alama za mtihani, kwamba moyo umepoteza 38. Moyo wa namna hiyo haupo. Hata wa kijana wa miaka ishirini hubakiza akiba.

Kasi ya damu si moja katika vilango vyote, na jambo hili lilinivutia sana. Kwenye kilango cha juu kulia damu hupita polepole, kati ya mita 0.3 na 0.7 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayepunga upepo ufukoni. Kwenda mapafuni ni mita 0.6 hadi 0.9. Kwenye kilango cha kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini, ni 0.6 hadi 1.3. Katika mshipa mkuu ni mita 1 hadi 1.7, yaani mwendo wa askari aliye katika matembezi ya haraka. Hizo ndizo hesabu za watu wazima wenye afya waliopumzika. Kilango kikiwa chembamba kwa ugonjwa, damu hulazimika kukimbia, kama maji ya mto yanapobanwa kati ya miamba. Ikifika mita 4 kwa sekunde kwenye mlango wa mshipa mkuu, huo ni ugonjwa mkubwa.

Tena damu haiingii chumba cha kushoto kwa mkupuo mmoja. Mchoro huonyesha vilima viwili. Cha kwanza ni pale msuli unapolegea na kujifungua, damu ikaingia kwa wingi. Hufuata utulivu mfupi, kisha chumba cha juu hujikaza na kusukuma kiasi kilichobaki, na hicho ndicho kilima cha pili. Kwa kijana kilima cha kwanza ni kirefu kuliko cha pili. Umri unavyosonga, msuli hupunguza wepesi wake wa kulegea, kilima cha kwanza hushuka na cha pili hupanda, hata kwa wengi waliopita miaka sitini cha pili huwa ndicho kirefu. Kwa hiyo mchoro wa babu usilinganishwe na wa mjukuu. Kila mtu hupimwa kwa umri wake. Hata pumzi huleta tofauti: ukivuta hewa, damu ya upande wa kulia huongezeka mwendo na ya kushoto hupungua kidogo, ndiyo maana mpimaji hukuambia mara kwa mara, “Shika pumzi.”

Tufike kwenye uvujaji wenyewe. Kilango cha moyo hakikutengenezwa kwa chuma. Ni ngozi laini inayofungwa na damu yenyewe inaposukumwa. Kinapofunga, tone dogo huweza kurudi nyuma kabla kingo hazijakutana barabara, au kupenya kidogo pale zinapokutana. Kwa watu wazima wengi sana wenye afya njema, mashine ya rangi huonyesha mchirizi mwembamba wa namna hiyo kwenye kilango cha kulia, na kwenye kile cha mapafuni pia. Kwenye kile cha kushoto nako huonekana mara nyingi. Zamani, daktari alipokuwa na masikio na kipimio chake tu, michirizi hiyo haikusikika, na watu waliishi nayo hadi uzeeni. Ilikuwapo siku zote. Kilichoongezeka ni macho ya kuiona. Kilango cha mshipa mkuu ni habari nyingine: kwa kijana, hata uvujaji mdogo hapo yafaa uulizwe na kufuatwa.

Na sikilizeni hili. Uvujaji ule uliomlaza jirani yangu kitini ndio uliomsaidia daktari kumpima! Wataalamu wa Norway walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba kasi ya damu inayopita kwenye tundu dogo hueleza nguvu inayoisukuma: unachukua kasi, unaizidisha kwa yenyewe, kisha unazidisha kwa nne. Karatasi ya jirani yangu ilionyesha mchirizi wa mita 2.2 kwa sekunde. Mbili na nukta mbili mara mbili na nukta mbili ni 4.84, mara nne ni kiasi cha 19. Kutokana na hesabu hiyo daktari alijua kwamba shinikizo la damu katika mshipa wa mapafu si kubwa, bila ya kuingiza mpira wala sindano mwilini. Mchirizi usiozidi mita 2.8, pasipo dalili nyingine, haumtii daktari wasiwasi.

Niwataje pia watu ambao mioyo yao hutofautiana na ya wengine bila ya kuwa wagonjwa. Wa kwanza ni ninyi wanajeshi na wakimbiaji. Moyo uliozoezwa kwa miaka hupanuka, hupiga polepole, pengine chini ya mara 50 kwa dakika wakati wa kupumzika, na vyumba vyake huonekana vikubwa. Mwambie mpimaji kazi yako na mazoezi yako kabla hajaandika. Wa pili ni mama mjamzito: damu yake huongezeka karibu nusu, kasi hupanda kwenye vilango vyote, na michirizi midogo huzidi kuonekana. Lakini mama huyo akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, asisubiri. Aende hospitali usiku ule ule. Wa tatu ni mwenye homa au upungufu wa damu. Malaria tunaijua hapa pwani ya ziwa. Ukipimwa moyo ungali na homa, damu itaonekana inakimbia, na kumbe ni homa inayoikimbiza.

Wala nisiisifu mashine kupita kiasi. Ekografia safi haisemi kwamba mishipa myembamba inayolisha msuli wa moyo haina kizuizi. Haipimi shinikizo la damu la mkononi. Mapigo yanayokwenda mbio kwa dakika chache kisha yakatulia huweza kuipita isiyaone. Kwa hiyo jirani yangu hakuambiwa aende zake. Ameandikiwa kipimo cha umeme wa moyo na cha wingi wa damu, na matokeo anayangoja. Ila kitini amekwisha kuondoka, na mlima ameanza kuupanda tena. Mtumbwi haukuuzwa. Cherehani mteja alikuwa amekwisha kutoa arubuni, ikabidi arudishiwe, na maneno hayakukosekana.

Ningeishia hapa kama si jambo la siku niliyorudisha bahasha. Tulikuwa tumeketi uani, kando ya vichanja vya ndagala, namweleza bwana yule habari ya mchirizi wake, mara mtoto wao wa miaka tisa akapita akichechemea.

“Huyo ana magoti, Mwalimu,” mama akasema. “Lilivimba la kushoto, likapona. Sasa ni la kulia. Tunamkanda kwa mafuta ya mawese.”

Nikamwuliza kama mtoto alipata maumivu ya koo hivi karibuni. Akafikiri. “Mafindofindo? Yalimpata mwezi uliopita. Yalijiishia yenyewe.”

Yule daktari wa Bujumbura, nilipokuwa nikiaga, alikuwa amesema maneno ambayo wakati ule sikuyatilia maanani: kwamba watu hukimbilia kwake na moyo mzima kwa sababu ya neno moja, na moyo unaoharibika hukaa nyumbani kwa sababu ni wa mtoto na unaanzia kooni. Vijidudu fulani vya koo, visipotibiwa, huweza kuuchochea mwili wa mtoto ujishambulie wenyewe. Viungo huvimba kwa zamu, goti hili leo, kiwiko kesho, kisha hupona. Vilango vya moyo huweza visipone. Huitwa homa ya baridi yabisi. Kingo za kilango huwa nene, hushikamana au hukunjamana, na uvujaji wake si ule mchirizi wa tone. Shirikisho la Moyo Duniani lilitoa mwaka 2012 vipimo vya kutenganisha huu na ule, likavipitia upya mwaka 2023. Katika vile vya 2012, kwa kilango cha kushoto, mchirizi uwe na urefu wa sentimita 2 au zaidi, uwe na kasi ya mita 3 au zaidi, uonekane kutoka pande mbili, na udumu muda wote wa msukumo. Uvujaji usiotimiza hayo yote huhesabiwa kuwa wa kawaida.

Na kugundua mapema kuna faida, si kutisha tu. Kaskazini mwa Uganda wataalamu, wakiwemo wa Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyoko Mulago, waliwapima kwa ekografia watoto 102,200. Kati ya wale waliokutwa na dalili za awali, bila hata wenyewe kujua, 818 wa umri wa miaka 5 hadi 17 waligawanywa mafungu mawili: fungu moja lilidungwa penisilini kila majuma manne kwa miaka miwili, jingine halikudungwa. Matokeo yalitangazwa mwishoni mwa mwaka 2021. Katika fungu lililodungwa, watoto walioharibikiwa zaidi walikuwa 3. Katika lile jingine walikuwa 33.

Basi, ikiwa mtoto wako ana koo linalomuuma, ana homa, na tezi za shingo zimevimba, mpeleke kituo cha afya atazamwe. Penisilini itolewe na muuguzi, isinunuliwe dukani kwa kubahatisha, kwani wapo wasiopatana nayo. Magoti yakivimba kwa kupokezana, usikande ukangoja. Na ukipewa karatasi ya ekografia, usitoke katika chumba cha daktari kabla hujamwuliza maswali matatu: Je, uvujaji huu ni wa kawaida kwa umri wangu? Ni kilango gani? Nirudi lini, au nisirudi? Kama Kifaransa kinakushinda, mwambie akueleze kwa Kiswahili au Kirundi. Si aibu.

Mtoto yule alipelekwa hospitali ya Rumonge asubuhi iliyofuata. Daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akamtoa damu, akamdunga penisilini, akamwandikia ekografia Bujumbura. Wanaondoka yeye na baba yake Jumanne ijayo. Nauli imetoka katika fedha ambazo baba alikuwa amekwisha kuzichanga kwa safari yake mwenyewe.